Utambuzi wa mbu wa malaria kwa DNA mjini Dar es Salaam

Utambuzi wa mbu wa malaria kwa DNA ni matumizi ya mbinu za jenetiki ili kutofautisha spishi za mbu wa jenasi Anopheles ambazo kwa macho, na hata kwa hadubini, zinafanana kabisa. Mjini Dar es Salaam mbinu hizo zimetumika hasa katika mpango wa jiji wa kudhibiti malaria ulioanza mwaka 2004. Kata ya Buguruni ilikuwa moja kati ya kata 15 za mpango huo, na moja kati ya tatu za kwanza kuwekewa dawa ya kuua viluwiluwi katika maji.

Swali ambalo DNA hujibu ni jepesi kulitamka: mbu huyu ni yupi? Jibu lake huamua mengi. Mbu wawili wanaofanana kila unywele wanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Mmoja huingia ndani usiku na kumuuma mtu kitandani. Mwingine hutosheka na ng'ombe au humngoja mtu barazani kabla hajalala. Mmoja huzaliana katika maji ya mvua, mwingine katika maji ya chumvi kando ya mikoko. Anayewahesabu wote kama mbu wa aina moja anaweza kupeleka fedha, dawa na watu mahali pasipohitajika.

Buguruni na maji yake

Buguruni ni kata ya Wilaya ya Ilala, magharibi ya Kariakoo, mahali Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Nelson Mandela. Inajulikana kwa soko lake na kwa nyumba zilizosongamana. Kaskazini yake liko bonde la mto Msimbazi, ambamo kwa miaka mingi watu wamelima mchicha, matembele na mboga nyingine za kuuzwa mjini.

Mazingira ya namna hii yana maji ya aina nyingi. Kuna mifereji iliyoziba kwa taka, madimbwi ya barabarani, mashimo ya msingi wa nyumba isiyomalizika, nyayo za magurudumu, visima vifupi vya wakulima na maji yanayotuama kati ya matuta. Kuna pia maji yaliyofichika: vyoo vya shimo, makaro na mashimo ya maji machafu. Kila aina ya maji ina wakazi wake. Kwa kawaida makaro na vyoo hutoa mbu wa jenasi Culex, hasa Culex quinquefasciatus, ambao ndio wengi kupita wote mjini. Hao huambukiza matende na mabusha lakini hawaambukizi malaria. Anopheles hupendelea maji ya wazi yanayopigwa na jua. Zamani ilifundishwa kwamba hawakai katika maji machafu, lakini uchunguzi wa Dar es Salaam umewakuta viluwiluwi wao hata katika mifereji yenye uchafu mwingi.

Kutofautisha Anopheles na Culex hakuhitaji maabara. Kiluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, kwa sababu hana mrija wa kupumulia. Yule wa Culex huning'inia kichwa chini, mrija wake ukigusa juu. Mbu mzima wa Anopheles hutua akiwa ameinua sehemu ya nyuma, na vipapasio vya jike ni virefu karibu sawa na mrija wa kunyonyea damu. Mtu aliyefundishwa kwa siku chache anaweza kuyaona hayo akiwa na upawa wa kuchotea maji mkononi. Ugumu unaanza baada ya hapo.

Spishi pacha

Mbu ambaye vitabu vya zamani vilimwita Anopheles gambiae kwa kweli ni kundi la spishi pacha, yaani spishi zilizotengana kizazi lakini hazikutengana sura. Kundi zima huandikwa Anopheles gambiae sensu lato, maana yake "kwa maana pana". Spishi moja ndani yake inabaki na jina lenyewe, Anopheles gambiae kwa maana finyu.

Spishi hiyo, iliyoelezwa na Giles mwaka 1902, ndiyo iliyozoeana na binadamu kuliko zote. Hupenda damu ya mtu, huuma usiku wa manane na mara nyingi hupumzika ukutani ndani ya nyumba. Kwa hiyo chandarua chenye dawa na dawa ya kupulizia ukutani humpata vizuri.

Anopheles arabiensis, aliyeelezwa na Patton mwaka 1905, ana tabia zinazobadilika. Akikuta ng'ombe humuuma ng'ombe. Asipomkuta humuuma mtu. Huweza kuuma nje na kupumzika nje, na huvumilia ukame kuliko ndugu yake. Hatua zinazofanyika ndani ya nyumba humkosa kwa sehemu.

Anopheles merus, aliyeelezwa na Dönitz mwaka 1902, ni mbu wa pwani ya Afrika Mashariki. Viluwiluwi wake huishi katika maji ya chumvi chumvi karibu na mikoko na mabwawa ya bahari. Hueneza malaria pia, ingawa kwa kawaida si kwa kiwango cha hao wawili wa kwanza. Katika Dar es Salaam, mji ambao bahari huingia hadi kwenye midomo ya mito, haiwezekani kumsahau.

Nje ya mji huu wako wengine. Anopheles melas ni mbu wa maji ya chumvi wa Afrika Magharibi. Anopheles quadriannulatus wa kusini mwa Afrika huuma zaidi wanyama na hahesabiwi kuwa mwambukizaji wa malaria. Anopheles bwambae, aliyepewa jina na White mwaka 1985, anajulikana tu kutoka eneo la chemchemi za moto katika msitu wa Semliki, Bwamba, magharibi ya Uganda. Mwaka 2013 kundi liliongezewa majina mawili, Anopheles coluzzii wa Afrika Magharibi na ya Kati na Anopheles amharicus wa Ethiopia.

Kundi la pili lenye tatizo hilohilo ni la Anopheles funestus. Ndani yake wamo Anopheles rivulorum, Anopheles leesoni, Anopheles parensis na Anopheles vaneedeni. Majike wazima wa spishi hizo hutatanisha hata wataalamu.

Jinsi tofauti ilivyogunduliwa

Dokezo la kwanza lilitoka katika maji ya chumvi. Pwani ya Afrika Mashariki watafiti waliona kwamba baadhi ya viluwiluwi wa "gambiae" hufa haraka wakiwekwa katika maji yenye chumvi nyingi, na wengine huendelea kuogelea kana kwamba hakuna jambo. Muirhead-Thomson alichapisha uchunguzi wake juu ya mbu hao wa maji ya chumvi na wa maji baridi wa pwani hii mwaka 1951. Wakati huo ilidhaniwa ni namna mbili za spishi moja.

Dokezo la pili lilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Katika miaka ya 1950 George Davidson, akifanya kazi London, alikuwa akichanganya mbu kutoka sehemu mbalimbali za Afrika ili ajue jinsi ukinzani dhidi ya dawa unavyorithiwa. Michanganyiko mingine ilizaa vizuri. Mingine ilizaa madume tasa. Utasa wa namna hiyo ni dalili ya spishi mbili, kama ilivyo kwa farasi na punda wanaozaa nyumbu. Mwaka 1962 Hugh Paterson alionyesha kwamba mbu wa maji ya chumvi wa Afrika Mashariki ni spishi yake pekee. Wale wa maji baridi waliitwa kwa herufi tu: A, B na C. Baadaye A alibaki na jina gambiae, B akawa arabiensis na C akawa quadriannulatus.

Kuchanganya mbu kizimbani ni kazi ya wiki nyingi na haiwezi kufanywa kwa mamia ya mbu walionaswa usiku mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mario Coluzzi na wenzake nchini Italia walipata njia fupi zaidi, kusoma mistari ya kromosomu kubwa za mbu. Kila spishi ina sehemu za kromosomu zilizogeuzwa kwa mpangilio wake. Njia hii ilifungua macho ya wengi. Huko Segera, mkoani Tanga, White na wenzake waliitumia kulinganisha spishi A na spishi B katika kijiji kimoja, na matokeo yao ya mwaka 1972 yalionyesha kwamba pacha hao hawaishi maisha sawa. Lakini kromosomu za kusomeka hupatikana katika viluwiluwi wa hatua ya mwisho au katika majike ambao mayai yao yamekomaa nusu tu. Mbu mwenye njaa aliyenaswa akitafuta damu, ambaye ndiye hasa anayetakiwa kujulikana, hakuweza kusomwa.

Mguu mmoja wa mbu

Njia inayotumika sana hadi leo ilichapishwa mwaka 1993 na Scott, Brogdon na Collins. Inategemea PCR, yaani mmenyuko wa mnyororo wa polimerasi, ambao hunakili kipande kilichochaguliwa cha DNA mara mamilioni mpaka kionekane.

Kazi huanza mtegoni. Mbu akikusanywa huwekwa katika kichupa kidogo chenye chembe za silika chini na pamba juu yake, ili akauke asioze. Kila kichupa hupewa namba inayoonyesha nyumba, usiku na saa. Namba ikipotea, DNA haitasema kitu: itataja spishi, lakini haitasema mbu aliuma wapi. Maabara hung'oa mguu mmoja au bawa, huusaga katika kimiminika na kuchukua DNA. Sehemu nyingine za mwili hazitupwi. Kichwa na kifua hupimwa kama vina protini ya vimelea vya malaria, na tumbo lenye damu hupimwa kama damu hiyo ni ya mtu, ng'ombe, kuku au mbwa. Hivyo mbu mmoja hujibu maswali matatu.

DNA huchanganywa na vipande vifupi vya DNA viitwavyo praima, ambavyo hushika mahali pa kuanzia kunakili. Praima moja hushika DNA ya spishi zote za kundi. Nyingine kila moja hushika tu mahali palipo katika spishi fulani. Mahali penyewe ni nafasi iliyo kati ya jeni za RNA ya ribosomu, ambayo hubadilika haraka kutoka spishi hadi spishi na ina nakala mamia katika kila seli. Ndiyo sababu mguu mmoja unatosha. Huongezwa kimeng'enya kinachostahimili joto, ambacho asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Mashine hupasha mchanganyiko hadi nyuzi 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hushusha hadi 50 ili praima zishike, kisha hupandisha hadi 72 ili kunakili kufanyike. Mzunguko huo hurudiwa mara 30 hivi, kwa saa chache.

Mwishoni matone huwekwa katika vishimo vya jeli na kupitishiwa umeme. Vipande vifupi husafiri mbali, virefu hubaki nyuma. Chini ya taa ya urujuanimno huonekana mistari inayong'aa. Mstari wa jozi za besi 315 ni Anopheles arabiensis. Wa 390 ni Anopheles gambiae. Wa 464 hivi ni Anopheles merus, na wa 153 ni Anopheles quadriannulatus. Melas hutoa mstari unaokaribiana sana na wa merus, lakini hao wawili wako pwani mbili tofauti za bara, hivyo mahali mbu aliponaswa ni sehemu ya kipimo.

Jike aliyezaliwa na wazazi wa spishi mbili huonyesha mistari miwili, 315 na 390, kwa sababu jeni hizo ziko katika kromosomu X naye amepokea X moja kutoka kwa kila mzazi. Machotara hao wapo porini lakini ni wachache sana.

Kwa kundi la Anopheles funestus kuna kipimo cha namna hiyo kilichochapishwa na Koekemoer na wenzake mwaka 2002. Funestus hutoa mstari wa 505, rivulorum wa 411 na leesoni wa 146.

Kwa nini barkodi haitoshi

Kwa wanyama wengi wataalamu hutumia barkodi ya DNA, yaani kipande cha jeni iitwayo COI cha jozi za besi 650 hivi, kilichopendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake nchini Kanada. Barkodi hiyo, pamoja na jeni nyingine chache, imefanya kazi vizuri kwa kaa wadogo wanaojificha ndani ya makombe ya konokono. Mwaka 2010 uchunguzi wa jenasi Calcinus ulionyesha kwamba rangi za kaa hao wakiwa hai hulingana na spishi zilizotengwa na DNA. Katika makumbusho rangi hizo hupotea ndani ya spiriti, na hapo DNA huwa shahidi anayebaki.

Kwa mbu wa kundi la gambiae barkodi hukwama. COI iko katika DNA ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama peke yake. Gambiae na arabiensis wamekuwa wakichanganyika kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kwa njia ya majike chotara, ambao si tasa, DNA ya mitokondria imevuka kutoka spishi moja hadi nyingine. Mbu wawili wa spishi tofauti wanaweza kuwa na barkodi ileile. Mwaka 2015 uchunguzi wa jenomu nzima ulithibitisha kwamba sehemu kubwa ya DNA yao imevuka mpaka huo, na kwamba historia ya kutengana kwao imehifadhiwa hasa katika kromosomu X. Kwa bahati njema ndiko ziliko jeni zinazosomwa na kipimo cha mwaka 1993, ingawa waliokibuni hawakukichagua kwa sababu hiyo.

Gharama ya kuchanganya

Mfano ulio wazi zaidi wa Afrika Mashariki ni wa kabla ya DNA. Kati ya mwaka 1954 na 1959 katika eneo la Upare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin ili kuona kama malaria inaweza kukomeshwa. Anopheles funestus alitoweka karibu kabisa. Hata hivyo, katika Upare ya kusini mbu wenye sura ya funestus waliendelea kupatikana, na hata kuongezeka. Mtu aliyehesabu sura tu angesema dawa imeshindwa. Mwaka 1960 Gillies na Smith walieleza kwamba waliokuwa wakiongezeka ni Anopheles rivulorum, pacha anayeuma zaidi mifugo nje ya nyumba, ambaye dawa ya ukutani haikumgusa. Walimtambua kwa viluwiluwi wake, maana wakati huo hapakuwa na njia nyingine. Isidhaniwe kwamba rivulorum hana hatia kabisa. Mwaka 1996 Wilkes, Matola na Charlwood waliripoti kwamba katika mkoa wa Tanga alikutwa na vimelea vya malaria ya binadamu.

Kosa la kinyume pia linawezekana. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea, sehemu nyingi za Kenya na Tanzania ziliona gambiae akipungua na arabiensis akibaki. Asembo, magharibi ya Kenya, ni mfano uliochunguzwa kwa miaka mingi. Bonde la Kilombero ni mwingine, na huko Anopheles funestus ndiye aliyekuja kuongoza katika kuambukiza, ingawa kwa idadi arabiensis ni wengi zaidi. Anayeangalia jumla ya "gambiae" tu haoni mabadiliko hayo. Huona namba imeshuka kidogo na kuhitimisha kwamba vyandarua havifai, kumbe vimefanya kazi yake na mbu aliyebaki ni mwingine.

Kazi ya mtaani

Mpango wa Dar es Salaam wa mwaka 2004 uliendeshwa na Halmashauri ya Jiji pamoja na kituo cha utafiti cha Ifakara, Taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki na vyuo vikuu vya nje. Haukuwa mradi wa kwanza mjini. Serikali ya Japani ilisaidia mradi wa malaria ya mjini kati ya mwaka 1988 na 1996, na Wajerumani walikuwa wamejaribu kuwapima wakazi na kuwapa kwinini mwanzoni mwa karne ya 20. Upya wa mpango wa 2004 ulikuwa ni nani afanye kazi. Wakazi wa mitaa wenyewe waliajiriwa kwa malipo madogo, kila mmoja akapewa eneo la mashina, yaani yale makundi ya nyumba kumi au zaidi yenye mjumbe wao. Ramani za mkono zilichorwa uwanja kwa uwanja, kisha zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani ili pasibaki kipande kisicho na mwenyewe.

Kila wiki mhusika alizunguka eneo lake akitafuta maji yaliyotuama, akichota kwa upawa na kuandika kama kuna viluwiluwi wa Anopheles au wa mbu wengine. Mwezi Machi 2006 kata tatu zilianza kuwekewa dawa, moja kwa kila manispaa ya wakati huo: Buguruni kwa Ilala, Kurasini kwa Temeke na Mikocheni kwa Kinondoni. Dawa iliyotumika katika maji ya wazi ni bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, inayoua viluwiluwi wa mbu wakiila lakini haidhuru watu, samaki wala kuku. Huisha nguvu upesi, kwa hiyo ilirudiwa kila wiki. Katika makaro na vyoo, makao ya Culex, iliwekwa Bacillus sphaericus kila baada ya miezi mitatu.

Hapa ndipo swali la spishi lilipogusa siasa za mtaani. Mkazi wa Buguruni hapimi mafanikio kwa jeli ya maabara. Hupima kwa idadi ya mbu wanaomlilia sikioni usiku, na wengi wa hao ni Culex. Mpango ungeweza kuwamaliza Anopheles wote wa kata na bado watu wakasema hakuna kilichofanyika, tena kwa haki, maana hawakulala. Kuwashughulikia Culex wa makaroni kulikuwa kwa sehemu kubwa njia ya kulinda imani ya wakazi ambao milango yao ilipaswa kufunguliwa kila wiki.

Mbu wazima walikusanywa usiku ili kupima matokeo. Njia ya zamani ni mtu kukaa na miguu wazi na kukamata mbu wanaotua. Ni njia sahihi lakini ngumu, na inamweka mkamataji hatarini. Mjini Dar es Salaam watafiti wa Ifakara walitengeneza na kujaribu mtego wa hema, ambamo mtu hulala salama na mbu hunaswa kabla ya kumfikia. Mtego ulikabidhiwa kwa wakazi, na mbu wake walisafiri katika vichupa hadi maabara ya PCR.

Matokeo ya maabara yalionyesha kwamba mjini wako gambiae, arabiensis na merus, na funestus kwa uchache. Sehemu kubwa ya kuumwa ilitokea nje ya nyumba, jambo lisilo la kawaida kwa gambiae wa vijijini. Hivyo chandarua, ingawa kinafaa, kilikinga kwa kiasi kidogo kuliko vijijini. Hiyo ndiyo hoja iliyotetea kumfuata mbu majini: dawa ya viluwiluwi haiulizi kama mbu huyu baadaye angeuma ndani au nje. Tathmini za miaka iliyofuata zilikuta malaria imepungua zaidi katika kata zilizowekewa dawa.

Pale DNA inaponyamaza

Katika kila kundi la sampuli huwapo mbu wasiotoa mstari wowote. Mara nyingi sababu ni DNA iliyooza, mguu uliopotea au kosa la mkono. Lakini si kila mara. Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya mwaka 2012 iliripotiwa kwamba baadhi ya mbu wa namna hiyo hawakulingana na spishi yoyote iliyojulikana kwa DNA, na wengine walikuwa na vimelea vya malaria. Laiti wangeandikwa "kipimo kimeshindwa" na kutupwa, wasingejulikana.

Onyo hilo ni kubwa zaidi tangu aje Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa miji ya Asia ya Kusini na Uarabuni. Alionekana Jibuti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na Kenya, katika kaunti ya Marsabit, mwishoni mwa mwaka 2022. Tofauti na ndugu zake wa Afrika, huzaliana katika matangi, mapipa na ndoo za maji ya kunywa, vyombo ambavyo nyumba nyingi za Buguruni huwa navyo kwa sababu maji ya bomba hayatoki kila siku. Miguu yake yenye madoadoa humfanya achanganywe na gambiae na mtu mwenye haraka. Praima za kipimo cha mwaka 1993 hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kwake yeye mstari usioonekana katika jeli ni dalili ya kwanza, na hatua inayofuata ni kusoma mfuatano wa besi zenyewe. Kwa kazi hiyo hata COI, isiyofaa kwa kundi la gambiae, hufaa, kwa kuwa stephensi yuko mbali nao kwa ukoo.